Helmeti inavuma na kipaji cha uso kinauma: nibadilishe kwa ipi?

"Mwalimu, salamu. Naendesha pikipiki ya cc 250 kutoka Juja hadi Upper Hill siku tano kwa wiki, na mwisho wa mwezi huwa naenda Nyeri kumjulia mama hali. Helmeti yangu niliinunua 2018. Saizi ya L ilikuwa ikinibana kwenye kipaji cha uso, nikachukua XL. Sasa imelegea, hata nikigeuza kichwa yenyewe inachelewa, lakini ajabu ni kwamba kipaji bado kinauma baada ya nusu saa. Kelele za upepo pale Thika Road ni nyingi mno. Nikifika kazini masikio yanavuma mpaka saa nne. Fundi mmoja ameniambia aniongezee sponji ndani. Rafiki yangu anasema helmeti nzito ndiyo huzuia kelele, mwingine anasema ninunue ile ya kufunguka kidevu kwa sababu navaa miwani. Vizibo vya masikio naviogopa, nisije nikakosa kusikia honi za matatu. Nina shilingi 25,000. Ninunue ipi?"

Ndugu yangu, salamu zimefika, na nashukuru umeeleza kwa kirefu, kwa sababu jibu limo ndani ya maelezo yako. Umeniletea maumivu ya kipaji na kelele za upepo kama mashtaka mawili tofauti. Mimi nayaona kuwa shtaka moja. Helmeti yako haina umbo la kichwa chako, nawe ukajaribu kuliponya tatizo la umbo kwa dawa ya saizi. Kosa hilo nimeliona kwa wanafunzi wangu wa pikipiki mara nyingi, na wengi hulirudia wanaponunua helmeti ya pili na ya tatu.

Kichwa cha mtu kina vipimo viwili: mzunguko na umbo. Mzunguko ndio huo unaoandikwa S, M, L, XL. Umbo ni namna kichwa kinavyoonekana ukikitazama kutoka juu. Wapo wenye kichwa kirefu kutoka kipaji hadi kisogo na chembamba ubavuni, kama yai. Wapo wenye kichwa karibu duara. Walio wengi wako katikati. Watengenezaji nao kila mmoja ana umbo lake analolifuata, na mara nyingi modeli mbili za kampuni moja hutofautiana kabisa.

Sasa chukua mtu mwenye kichwa kirefu umvike helmeti ya duara. Itamgusa kipajini na kisogoni tu, huku pembeni, juu ya masikio, pakiwa na nafasi. Atasema inambana, ataongeza saizi. Nafasi ya pembeni itazidi kuwa kubwa, mashavu yatakosa cha kuyashika, na kipaji bado kitakuwa ndiyo sehemu inayobeba mzigo wote, maana sasa helmeti inacheza na kila ikicheza inamgonga palepale. Kulegea na kuumiza kwa pamoja, kama ulivyoeleza, ndiyo dalili ya hali hii. Mwenye kichwa cha duara aliyevaa helmeti nyembamba hulalamika kinyume chake: maumivu humshika kwenye panda za uso, pembeni mwa macho.

Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, fanya mambo mawili. Tafuta futi ya fundi cherehani, uizungushe kichwani kama sentimita mbili na nusu juu ya nyusi, ipite juu kidogo ya masikio na kwenye sehemu iliyojitokeza zaidi ya kisogo. Pima mara tatu na uchukue namba kubwa. Kwa watengenezaji wengi sentimita 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L, 61 na 62 ni XL, lakini soma jedwali la helmeti unayoinunua, kwa kuwa yapo yanayopishana. Halafu lowesha nywele zilale, au kama una rasta au umesuka zifunge vile utakavyokuwa ukizifunga barabarani, kaa kwenye kiti, na mtu wa nyumbani akupige picha kutoka juu kabisa. Ukiona urefu umeuzidi upana waziwazi, kichwa chako ni cha yai, na mimi kwa maelezo yako ningeweka dau hapo. Nenda dukani na picha hiyo kwenye simu. Anayeuza helmeti kwa kuelewa ataifurahia.

Tuje kwenye kelele. Watu wengi hudhani kelele wanayoisikia ni ya injini, au ya barabara, na kwamba helmeti ni kama ukuta unaoizuia isiingie. Ukiwa kwenye foleni pale Roysambu, ni kweli unasikia injini na honi. Ukishapita kasi ya kilomita 60 na kitu kwa saa, upepo huyazidi yote. Kelele hiyo haitoki mbali ikaja kukugonga. Inazaliwa juu ya helmeti yenyewe. Hewa inapopita juu ya gamba lililo laini husogea kwa utulivu, lakini ikikutana na ukingo, tundu, kioo kisichokaa sawa au mwanya wa shingoni, hupasuka na kuwa vijizunguko vidogo vinavyopiga gamba na kuingia ndani. Ndiyo maana unasikia ngurumo nzito na wala si sauti ya filimbi. Filimbi huwa ni tundu moja dogo, na hiyo ni rahisi kuipata na kuitibu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath kule Uingereza waliwahi kuichunguza helmeti ndani ya handaki la upepo na pia barabarani, wakagundua kwamba sehemu ya chini, karibu na kidevu, ni mojawapo ya milango mikubwa ambayo kelele hupitia hadi kwenye sikio. Kumbuka hilo wakati wowote muuzaji anapokusifia unene wa gamba. Ngurumo ya upepo ni sauti nzito, na sauti nzito hupita hata kwenye ukuta wa mawe. Uliza yeyote anayekaa jirani na baa. Gramu 300 zaidi za plastiki hazitaizuia. Zitakachokufanyia ni kukuchosha shingo kutoka Juja hadi Upper Hill. Rafiki yako hana nia mbaya, ila uzito sio kinachotafutwa. Kinachotafutwa ni helmeti inayokumbatia mashavu na kuziba vizuri shingoni, yenye gamba lisilo na mapambo mengi na kioo kinachofunga kwa kubana mpira wake sawasawa.

Na hapo ndipo maumivu na kelele vinapokutana. XL yako imeacha nafasi mashavuni na shingoni, hewa inaingia kwa chini bila kizuizi. Zaidi ya hayo, helmeti iliyolegea huinuliwa na upepo kidogo kidogo ukishika kasi, na ikiinuka mlango wa chini unazidi kufunguka. Hata ungenunua helmeti iliyosifiwa kwa ukimya duniani kote, ukiinunua kwa umbo na saizi hiyohiyo ya makosa, utarudi kuniandikia.

Nataka nikae kidogo kwenye masikio, kwa sababu neno ulilolipitisha haraka, kwamba yanavuma mpaka saa nne, ndilo lililonishtua kuliko yote.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo laini zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe kwa ubongo. Sauti kubwa ikidumu, vinyweleo hivyo hulala kama majani yaliyokanyagwa. Mvumo unaousikia asubuhi ni wa majani hayo. Yakipumzishwa huinuka, ndiyo maana ikifika saa nne unajisikia umepona. Yakikanyagwa kila siku, asubuhi na jioni, yapo ambayo hayatainuka, na kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Za kwanza kufa ni zile za sauti nyembamba. Mtu huanza kusikia kwamba mwenzake anazungumza bila kushika maneno, kwa kuwa s, f na sh zimepotea, na hasa mahali penye watu wengi.

Vipimo vilivyofanywa Uingereza miaka ya 1990 vilikuta takriban desibeli 90 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti) ndani ya helmeti kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, na zikapanda hadi 110 kwa kasi ya 160. Kwa mwendo wako wa 80 au 90 pale barabara inapofunguka, uko mahali fulani kati ya 95 na 98. Sheria yetu ya kelele kazini, kanuni za mwaka 2005, haimruhusu mwajiri kumweka mfanyakazi kwenye zaidi ya wastani wa desibeli 90 kwa saa nane. Wataalamu wa usikivu ni wakali zaidi: huanzia 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda unakatwa nusu. Fanya hesabu mwenyewe: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa. Nusu saa ya barabara iliyo wazi asubuhi ni haki yako ya siku nzima, na bado hujarudi nyumbani, wala hujakwenda Nyeri.

Hakuna helmeti itakayokutoa hapo peke yake. Schuberth, Wajerumani wanaosifika kwa helmeti tulivu, wanatangaza desibeli 85 kwa kilomita 100 kwa saa kwa C5 yao, na hiyo ni kwenye mazingira waliyoyachagua wao, kwa bei ambayo ni maradufu kadhaa ya bajeti yako. Tofauti kati ya helmeti yenye kelele na iliyo tulivu ni desibeli chache. Kizibo cha sponji cha bei ya soda, kikiingizwa vizuri, huondoa 20 au zaidi. Kwa hiyo nakuambia bila kuzunguka: vizibo vya masikio kwanza, helmeti ifuate, na uanze kuvivaa kesho, kabla hata hujanunua chochote kingine.

Najua hofu yako ya honi za matatu, na ni hofu ya mtu makini. Lakini fikiria kinachotokea sasa. Kwa kasi ya 80, upepo umeshajaza sikio lako hadi pomoni, na honi inalazimika kupigana nao ndipo uisikie. Kizibo hupunguza upepo na honi kwa pamoja. Uwiano kati yao haubadiliki sana, ila sikio lililokuwa limezidiwa linapata nafasi ya kutofautisha. Wanafunzi wangu wengi huniambia baada ya wiki moja kwamba ving'ora na honi wanavisikia wazi zaidi kuliko zamani, na kwamba jioni hawafiki nyumbani wakiwa wamechoka vile. Mahali ambapo hofu yako ina msingi ni kwenye mwendo wa polepole, mnapobanana pale Globe au Ngara, ambako upepo haupo. Hapo kizibo cha sponji kitakufanya usikie ulimwengu kwa mbali. Kama hilo linakusumbua, vipo vizibo vya mpira vyenye kichujio ndani, vinavyopunguza kwa kiasi na kuacha mazungumzo yapite. Na mjini, macho na vioo vya pembeni vikutangulie. Matatu inayotaka kukubana haipigi honi kila mara.

Vizibo vya sponji utavipata kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini kule Industrial Area na kwenye maduka mengi ya dawa. Kuviingiza kunahitaji mazoezi, na wengi wanaosema havifanyi kazi hawajaviingiza. Nawa mikono. Kisokote kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili njia inyooke, kisha kiingize na ukishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 kijivimbe. Ukizungumza na kuisikia sauti yako ikitoka kifuani, kimekaa. Vikichafuka, tupa.

Nayasema haya kwa uchungu. Miaka yangu ya kwanza ya kuendesha, safari za Nakuru na Namanga, sikuvaa chochote masikioni. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Sikio langu la kushoto lina mlio mwembamba usiozimika. Usiku nyumba ikinyamaza, huo ndio ninaousikia. Mvumo wako bado unapotea ifikapo saa nne. Sitaki usubiri siku ambayo hautapotea. Na kama una spika za simu ndani ya helmeti, tafadhali usizipandishe ili zishinde upepo. Hapo unaongeza kelele ya pili juu ya ya kwanza.

Sasa hiyo helmeti. Kwa pesa ulizo nazo, ushauri wangu ni helmeti ya uso mzima, gamba la polikaboneti, yaani plastiki ngumu, kutoka kwa mtengenezaji anayefuata kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 22, toleo la 06. Usidanganywe kwamba lazima iwe faibaglasi au kaboni. Hizo huwa nyepesi kidogo, na wepesi ni mzuri kwa shingo, lakini polikaboneti iliyokaa sawa kichwani inamlinda mtu kuliko kaboni inayocheza. Tafuta yenye uzito wa kati ya gramu 1,400 na 1,550.

Ile ya kufunguka kidevu ina raha zake, sikatai. Kwa mwenye miwani huvaliwa haraka, na unaweza kuzungumza na mhudumu wa petroli bila kuivua. Lakini ina bawaba na kiungo kirefu kinachozunguka uso, na kila kiungo ni nafasi ya hewa kupasuka. Zile zilizotengenezwa kwa umakini hadi zikawa tulivu ni za bei ghali; za bei yako nyingi zina kelele kuliko ya uso mzima, na mara nyingi ni nzito zaidi. Kama moyo wako uko huko, soma lebo: herufi P/J maana yake imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Ikiandikwa NP, hicho kidevu hakihesabiki kuwa kinga. Za nusu, zisizo na kidevu, usizitazame. Ukianguka kifudifudi, lami hukutana na uso kwanza.

Na miwani? Helmeti nyingi za uso mzima leo zina mifereji kwenye sponji kwa ajili ya mikono yake. Vaa vizibo, vaa helmeti, ndipo uingize miwani. Miwani yenye mikono myembamba iliyonyooka itakutesa kidogo kuliko yenye mikono minene iliyopinda. Nenda dukani ukiwa nayo.

Kuhusu lebo: iliyo ya kweli imeshonwa kwenye kamba ya kidevu. Tafuta duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoipitisha, kisha namba ndefu inayoanza na 06. Ikianza na 05 ni toleo la zamani. Si takataka, lakini toleo la 06 liliongeza kupima helmeti ikigonga kwa kuteleza pembeni, jinsi ajali nyingi zilivyo, na sio kwa kudondoka wima tu. Helmeti nyingi zinazouzwa hapa Nairobi zimetoka India na zina alama ya ISI ya kule, kiwango cha IS 4151. Hizo pia hupimwa, na ni bora mara mia kuliko kofia ya plastiki isiyo na kitu ndani. Neno DOT ni la Marekani, ambako mtengenezaji hujithibitisha mwenyewe, na stika yake imenakiliwa kila pembe ya dunia. Isiwe ndiyo sababu ya kununua. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nayo iwepo. Halafu ingiza mkono, vuta sponji ya ndani, uguse povu gumu lililo chini yake. Ni jeupe au jeusi, na hufanana na lile wanalofungia televisheni, ila limebana zaidi. Hilo povu ndilo linalosagika badala ya ubongo wako. Ukikuta sponji laini imegandishwa moja kwa moja kwenye plastiki, rudisha kwenye rafu.

Hapo nimemjibu na fundi wako. Sponji anayotaka kuongeza haizuii mshindo wowote, na gundi nyingi za dukani hulila lile povu gumu kama siafu. Saizi ya mashavu inarekebishwa kwa sponji za mtengenezaji wa helmeti hiyohiyo, zinazouzwa kwa unene tofauti, na hiyo ni kazi ya kurekebisha kidogo tu, haigeuzi umbo.

Dukani, iwe ni Kirinyaga Road au kwenye maduka makubwa ya pikipiki, usiende Jumamosi mchana ukiwa na haraka. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na helmeti ni hivyohivyo. Ivae, funga kamba, ukae nayo dakika 20 hadi 30 kwa saa ya ukutani. Muuzaji akikukataza, mshukuru uondoke. Inapaswa kubana kila mahali kwa usawa, mashavu yasukumwe ndani mpaka ukitafuna ujing'ate kidogo. Shika helmeti, uisukume kushoto na kulia: ngozi ya uso iende nayo. Ikiteleza juu ya ngozi, punguza saizi au badilisha modeli. Kisha mwombe mtu aishike kwa nyuma, chini kabisa, ajaribu kuipindua mbele. Ikitoka, imeshindwa, hata kama ni ya shilingi laki. Nimewahi kufika mahali pa ajali nikakuta helmeti iko mita kadhaa kutoka kwa aliyekuwa ameivaa, kamba ikiwa bado imefungwa.

Ukiivua, nenda kwenye kioo. Wekundu uliosambaa ni sawa. Doa jekundu moja katikati ya kipaji ni umbo lisilo lako, na wala halitapona kwa kuzoea. Sponji za mashavu hulala kidogo baada ya wiki chache, lakini povu gumu la kipajini halilali. Ndiyo maana mashavu yabane ikiwa mpya, na kipaji kisiume hata siku ya kwanza.

Ili upate iliyo tulivu, funga kioo cha helmeti juu ya kipande cha karatasi, uivute. Rudia kushoto, katikati na kulia. Ishikwe kila mahali. Pitisha kiganja juu ya gamba: matundu ya hewa yafungike kabisa, yasiwe na kingo kali. Achana na yenye ukingo uliochomoza juu ya kioo, kama zile za kuendeshea porini, hizo hunguruma. Uliza kama ina kitambaa cha kuziba chini ya kidevu. Ni kitu kidogo kinachofanya kazi kubwa kwa sababu ule ndio mlango tuliousema. Na uliza kama kioo kina vishikizo vya Pinlock, kile kioo cha pili cha ndani cha kuzuia ukungu, maana Julai saa kumi na mbili unusu asubuhi pale Juja utakihitaji, na kwenye njia ya Nyeri pia. Mtu asiyekuwa nacho huendesha kioo kikiwa kimefunguliwa kidogo, na kelele zote ulizolipia kuziepuka zinaingia.

Usinunue ya mitumba. Hujui ilianguka na nani. Na jamaa akiwa nje anataka kukuletea, mtumie picha ya kichwa pamoja na vipimo, na mkubaliane inaweza kurudishwa.

Jambo moja zaidi, ambalo huenda likakuokolea pesa. Kama pikipiki yako ina kioo cha kuzuia upepo mbele, ukingo wake wa juu unaweza kuwa unakutupia hewa iliyochafuka moja kwa moja usoni. Mahali palipo wazi, bila gari nyuma, kwa mwendo wa wastani, inama kichwa kidogo usogee nyuma ya kioo, kisha inuka juu kidogo ya unavyokaa kawaida. Kelele zikipungua sana ukiinuka, kosa ni la kioo: kishushe au ukitoe ujaribu bila hicho. Inashangaza, lakini wengine hupata utulivu zaidi kwenye hewa safi iliyonyooka kuliko nyuma ya kioo kifupi.

Kuhusu daktari. Vaa vizibo wiki mbili. Mvumo ukiendelea hata hivyo, au ukidumu mpaka siku inayofuata, au ukiwa wa sikio moja tu, au ukianza kuwaambia watu warudie maneno, nenda ukapimwe usikivu. Kliniki ya masikio, pua na koo iko Hospitali ya Kenyatta, na hospitali nyingine kubwa za Nairobi zinazo. Waombe pia watazame nta kabla hujazoea vizibo, na usiichokonoe kwa pamba. Lakini sikio likiziba ghafla, ndani ya saa chache au ukiamka asubuhi, hiyo ni dharura: nenda siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa zake hufanya kazi zaidi zikianzwa mapema, na wiki mbili zikipita nafasi huwa ndogo. Na kama kipaji kitauma hata Jumapili usipoendesha, hilo si la helmeti. Kapime macho na shinikizo la damu.

Ile ya 2018 imekwisha kazi. Watengenezaji wengi na wapimaji kama Snell wanashauri miaka mitano ya matumizi, kwa sababu ya jasho, jua na mvuke wa petroli, na yako imeshacheza kichwani muda mrefu. Najua utashawishika kumpa mlinzi wa ploti au kijana wa boda awe anawavika abiria. Kata kamba zote mbili kwa kisu kabla hujaitupa, asije mtu akaiokota akaivaa.